Kwenda Mbele kwa Mgongo: Kutoka Kiti cha Mpiga Makasia Hadi Boti ya Kocha

Mpiga makasia wa mashindano haoni aendako. Amekaa uso ukielekea tezi, mgongo ameupa omo, na kila anaposukuma kwa miguu boti hukimbilia upande asioutazama. Kwenye boti ya watu wanane, aliye kiti cha tatu huona mgongo wa aliye kiti cha nne, na juu ya bega lake kipande cha shingo ya wa tano. Basi. Mshika usukani peke yake ndiye anayetazama mbele. Mpiga makasia huishi hivyo miaka kumi, pengine kumi na tano, akiujua mchezo kwa nyayo, kwa mapaja na kwa ncha za vidole. Kisha siku moja anapewa kipaza sauti, anapandishwa boti ya injini, anaambiwa awe kocha. Hapo ndipo anapogundua kwamba hajawahi kuuona mchezo wake mwenyewe.

Dodoma yetu haina sifa ya maji. Mito ya mjini hupitisha maji wakati wa mvua, kisha hubaki mchanga, na watu tunaowajua kwa makasia ni wavuvi wa mabwawa ya Hombolo na Mtera wanaofuata perege na kambale kwa mitumbwi. Lakini ukame si sababu ya kuupa kisogo mchezo huu. Kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012, Hamadou Djibo Issaka wa Niger, nchi isiyo na bahari na ambayo sehemu yake kubwa ni jangwa, alishindana katika boti ya mtu mmoja akiwa na miezi mitatu hivi tu ya kujifunza. Alimaliza mita 2000 kwa dakika 8 na sekunde 25, nyuma kabisa ya wenzake, na watazamaji walimshangilia hadi mstari wa mwisho. Jirani zetu wa Uganda wamempeleka Kathleen Noble Tokyo na Paris. Alianza kama muogeleaji, akajifunza makasia chuoni Marekani. Kenya ilimpeleka Asiya Mohamed Sururu kwenye Paralimpiki ya Tokyo.

Kwa kijana wa Dodoma, maisha haya yataanzia juu ya mashine, ile yenye feni mbele, mnyororo na kiti kinachoteleza juu ya reli, ambayo kwenye jimu nyingi husukumiwa pembeni ikisubiri mtu. Sioni aibu kuanzia hapo. Timu za taifa za nchi tajiri nazo huwapima wachezaji wao kwa mita 2000 za mashine hiyohiyo.

Pigo moja la kasia lina sehemu nne: kuzamisha, kusukuma, kutoa na kurudi. Kwenye kusukuma miguu hutangulia, mgongo hufuata, mikono humalizia. Kwenye kurudi mpangilio hugeuka: mikono hunyooka kwanza, kiwiliwili huinama kutoka nyonga, magoti hukunjwa mwisho. Ukimtazama mtu kwa ubavu, kiwiliwili chake hutoka saa tano na kuishia saa saba, hakivuki hapo. Kosa la kwanza la karibu kila anayeanza ni makalio kukimbia: miguu inanyooka, kiti kinarudi nyuma, mpini umebaki palepale. Nguvu ya mapaja imepotea na mgongo wa chini ndio unaolipa. Chanzo chake ni misuli ya tumbo na mgongo kulegea wakati miguu inaanza kusukuma. Dawa yake ni mazoezi ya miguu peke yake: mikono imenyooka, kiwiliwili kimeinama, sukuma nusu ya reli, rudi, mara 20, mpaka mpini na kiti viondoke pamoja. Kosa la pili ni kurudi kwa pupa. Kwenye mapigo 18 kwa dakika, kurudi kuchukue muda mara mbili ya kusukuma au zaidi. Waliokulia kwenye ngoma ya muheme ya akina mama wa Kigogo wanalielewa hili upesi, kwani kule nako mdundo hukaa sawa kwa sababu ya nafasi iliyo kati ya pigo na pigo.

Jambo moja la mashine hukosewa sana huku kwetu. Pembeni mwa feni kuna kitasa chenye namba 1 hadi 10, na wengi hukipeleka 10 wakidhani ndiyo nguvu. Kitasa hicho hupanga tu kiasi cha hewa inayoingia kwenye feni. Kinachohesabika ni kipimo cha ukinzani kinachosomwa kwenye skrini, na wanawake hutumia 110 hadi 120, wanaume 120 hadi 130. Dodoma iko zaidi ya mita 1100 juu ya usawa wa bahari na joto lake ni la kutosha, hivyo hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam. Namba ileile ya kitasa hapa hutoa ukinzani mdogo zaidi. Vumbi nalo huziba kizimba cha feni na kupunguza ukinzani wiki hadi wiki. Kwa hiyo soma kipimo, usiamini kitasa. Reli ifutwe kila siku, mnyororo upakwe mafuta kila baada ya saa 50 za kazi, na kizimba kifunguliwe kusafishwa kila baada ya saa 250; kwa upepo wetu wa kiangazi, mimi ningefanya hivyo mapema zaidi.

Mchezaji akishazoea, hukutana na hesabu isiyo na huruma. Kasi ya dakika 2 kwa kila mita 500 hudai wati 203 hivi. Kushuka hadi dakika 1 na sekunde 45 hudai wati 302. Sekunde 15 tu, lakini nguvu imepanda kwa nusu nzima, kwa sababu nguvu inayotakiwa hukua kwa mchemraba wa kasi. Ndiyo maana maendeleo ya mwaka wa kwanza hufurahisha na ya mwaka wa nne huhesabiwa kwa sekunde moja moja. Asiyeelezwa hesabu hii mapema hukata tamaa akidhani mwili umemgomea.

Mazoezi ya kiwango cha juu ni mengi na mengi yake ni ya taratibu. Karibu nne ya tano hufanywa kwa mapigo 18 hadi 20 kwa dakika, mchezaji akiwa bado anaweza kusema sentensi nzima bila kuikata. Hapo ndipo mwili hujenga mishipa midogo ya damu na uwezo wa kutumia oksijeni, na mita 2000 hutegemea uwezo huo kwa zaidi ya robo tatu. Sehemu iliyobaki ni kazi kali, mara mbili au tatu kwa wiki. Kosa la vijana wenye bidii ni kuyafanya mazoezi ya taratibu kuwa makali kidogo kila siku, kwa hiyo siku ya kazi kali wanafika wamechoka, na hakuna kinachojengwa. Chakula nacho kiwe cha kazi hiyo. Ugali wa uwele, mlenda wenye karanga, maharage na dagaa vinatosha kabisa iwapo sahani ni kubwa na zinafuatana. Jipime uzito kabla na baada ya mazoezi: kilo moja iliyopungua ni lita moja ya maji inayodaiwa.

Kisha maji yenyewe. Mtera liko karibu nusu ya njia kutoka Dodoma kwenda Iringa, na ni maji mapana. Likijaa husimama mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na linaweza kutumika kuzalisha umeme hadi literemke mita 690. Mita nane na nusu za kupanda na kushuka, kwenye ufuko ulio tambarare, maana yake ukingo wa maji huhama mbali sana. Gati la kushushia boti lazima lielee, la sivyo baada ya miezi litakuwa limesimama juu ya tope kavu. Ndani kuna miti iliyokufa tangu bonde lilipofurika. Visiki vyake vilivyo chini kidogo ya uso wa maji vinaweza kupasua boti ya nyuzi za kaboni ambayo ganda lake ni milimita chache tu. Pita kwanza na mvuvi mwenyeji ukiweka maboya. Kuna mamba, na kuna viboko, na hapa pana mgongano ambao kocha hawezi kuukwepa: maji hutulia alfajiri kabla upepo wa kusini mashariki haujaamka, na alfajiri ndiyo saa ambayo viboko hurudi majini kutoka malishoni. Saa kumi na mbili si salama. Subiri jua lipande, uliza wavuvi kundi limekaa upande gani leo, kaa mbali na matete, na utoke majini mara vilele vyeupe vya mawimbi vinapoonekana. Usichelewe mpaka adhuhuri kwa sababu nyingine pia: vimelea vya kichocho hutoka kwa wingi kwenye konokono jua linapokuwa kali. Anayelowa ajifute mara moja, na timu nzima ipimwe kila msimu.

Kabla mtu hajakaa kwenye boti ya mashindano, aogelee mita 50 akiwa na nguo, na apinduliwe kwa makusudi kwenye maji mafupi. Viatu vimefungwa kwenye kibao cha miguu, na visigino vyake vina kamba inayoviruhusu kunyanyuka sentimita 7 tu, ili boti ikipinduka mguu uchomoke wenyewe. Kamba hizo hukatika au hulegezwa na mtu aliyezichoka. Kocha azivute kwa mkono wake, kila boti, kila siku. Aangalie mpira mweupe kwenye ncha ya omo, ambao upo ili boti isimtoboe mtu. Aangalie vifuniko vya vyumba vya hewa: majini vifungwe, na kwenye banda lenye joto letu vifunguliwe, maana hewa iliyofungiwa ikipata moto hutanuka na kufumua viungo.

Vipimo vya boti ni nusu ya ukocha, na hapa ndipo mpiga makasia wa zamani hujikuta hajui kitu, kwa sababu miaka yote alipangiwa na mwingine. Boti ya mtu mmoja ina uzito usiopungua kilo 14 na urefu wa mita 8 na kidogo. Umbali kati ya kishwara, yaani kishikio cha kasia ubavuni mwa boti, na kishwara cha upande wa pili huwa sentimita 158 hadi 160. Kasia lina sentimita 284 hadi 290, na kipande cha ndani, kutoka mkononi hadi kwenye kishwara, ni kama 88. Ukiongeza urefu wa nje ya kishwara umeongeza mzigo, sawasawa na kupandisha gia ya baiskeli. Anayeanza, au timu inayopambana na upepo wa mbele, ipewe mzigo mwepesi: sogeza kola, ile pete ya kasia inayokaa kwenye kishwara, ili kipande cha ndani kiongezeke sentimita moja. Kishwara kikae sentimita 16 hadi 18 juu ya kiti, cha kushoto kikizidi cha kulia kwa sentimita moja hivi, kwa kuwa mikono hupishana na wa kushoto hupita juu. Bapa, ile sehemu pana ya kasia, liegemee nyuzi 4 hivi likiwa majini. Mwegemeo ukiwa mdogo mno kasia huzama sana na kumezwa na maji. Ukizidi, bapa hujitoa kabla pigo halijaisha. Kwa hiyo kasia likimezwa mara tatu upande uleule, usimfokee mtu kabla hujapima chuma. Spana namba 10 na namba 13 zinatosha kwa kazi nyingi, pamoja na futi ya kupimia, pimamaji na daftari la kuandika kila badiliko.

Mwili una mwisho wake. Mgongo wa chini ndio unaoumia zaidi katika mchezo huu, na mbavu hupata nyufa kwa kuvutwa na misuli mara maelfu kwa maelfu. Maumivu ya ubavu yanayoongezeka mtu akikohoa au akigeuka kitandani ni ya kusimamisha mazoezi siku hiyohiyo. Mapumziko ni ya majuma kadhaa. Anayestaafu asiache ghafla. Mwili uliozoea saa 15 au 20 za kazi kwa wiki ushushwe kwa miezi, na sahani nayo ishuke, kwani hamu ya kula hubaki kubwa muda mrefu baada ya kazi kuondoka. Wahenga wa pwani walisema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, na wengi hurejea kwenye boti kwa njia hii ya ukocha.

Harry Parker wa Marekani alishika nafasi ya tano katika boti ya mtu mmoja kwenye Olimpiki ya Rome mwaka 1960. Mwaka 1963 akawa kocha mkuu wa wanaume pale Harvard, na hapo alibaki hadi alipofariki Juni 2013. Mwaka 1975 aliwafundisha wanawake wanane wa Marekani waliochukua medali ya fedha kwenye mashindano ya dunia ya Nottingham, mwaka mmoja kabla ya wanawake kuruhusiwa makasia ya Olimpiki kwa mara ya kwanza, Montreal. Dick Tonks wa New Zealand alipata fedha Munich mwaka 1972 katika boti ya watu wanne. Akiwa kocha, mikono yake ilimtoa Rob Waddell mwenye dhahabu ya 2000, pacha Georgina na Caroline Evers-Swindell wenye dhahabu za 2004 na 2008, ile ya pili kwa tofauti ya mia moja ya sekunde, kisha Mahé Drysdale mwaka 2012. Wote wawili, Parker na Tonks, wanajulikana kwa kusema kidogo sana.

Uchache huo wa maneno nauona ni matokeo ya kujifunza kutazama. Kocha mpya aliyetoka kwenye kiti huongea mfululizo, kwa sababu anajaribu kuhamisha hisia za mwili wake kwenda kwenye mwili wa mwingine. Ana urefu wa sentimita 195, anamwambia binti wa sentimita 172 anyooshe zaidi. Binti anajipinda, mabega yanapanda, bapa linachelewa kuingia. Karl Adam wa Ujerumani hakuwa na mzigo huo. Alikuwa mwalimu wa shule na bondia, hakuwahi kushindana kwa makasia, na bado boti ya watu wanane aliyoinoa ilishinda dhahabu Rome 1960. Lakini aliyewahi kukaa kwenye kiti ana kitu ambacho Adam alilazimika kukitafuta kwa njia ndefu: anajua mita 500 za tatu zikoje, mwanzo umeshapita, mwisho hauonekani, na mapafu yanamwambia mtu aache. Mara nyingi ndizo za polepole kuliko zote, na mazoezi ya kweli ya mashindano huandaliwa kwa ajili yake.

Atazame wapi, basi? Steve Fairbairn, Mwaustralia aliyepiga makasia Cambridge kuanzia 1882 na kuanzisha mwaka 1926 mbio kubwa za mto Thames za boti za watu wanane, aligombana na walimu wa zama zake waliokagua mikao ya mwili. Yeye alitaka bapa lifanye kazi na mwili uifuate kazi hiyo. Shauri hilo bado ni bora kwa kocha anayeanza. Weka boti ya injini sambamba na wachezaji, mbali ya kutosha ili mawimbi yako yasiwafikie, utazame bapa linaingiaje: kama mwili umeshaanza kurudi nyuma na bapa bado liko hewani, sentimita kadhaa za pigo zimepotea. Kisha rudi nyuma, ukae usawa wa tezi, uone kama mapaja yanasukuma sawa na kama boti inalalia upande mmoja. Tazama pia vizingia, ile mizunguko ya maji inayoachwa na makasia. Kizingia kizuri ni cheusi na kimekaza. Chenye povu jingi kinasema bapa liliingiza hewa au lilitolewa mapema. Toa sahihisho moja, waache wapige mapigo 20, tazama, ndipo useme la pili.

Ipo kazi moja inayompima kocha kuliko zote, nayo ni kuchagua. Boti mbili za watu wanne hushindana mita 1000 au 1500 kwa idadi ya mapigo iliyokubaliwa, tuseme 32. Boti A inashinda kwa sekunde 2. Boti zinasogezwa pamoja, mtu mmoja wa A anabadilishana na mmoja wa B, wanapumzika dakika 8, wanarudia. Sasa A inashindwa kwa sekunde 1. Tofauti ni sekunde 3, na zote zinahusishwa na wale wawili waliobadilishana. Hesabu ni nyepesi, udanganyifu ni rahisi. Upepo ukigeuka kati ya mbio mbili, matokeo hayafai. Wakijua mapema nani atabadilishwa, marafiki wake watajihifadhi na kumwaga nguvu zote kwenye mbio yake. Kwa hiyo jina litajwe boti zikiwa zimeshikana tu, mbio ya kwanza irudiwe mwisho kama kithibitisho, na anayeachwa aambiwe ana kwa ana jioni hiyohiyo, kwa namba, kabla ya orodha kubandikwa ukutani.

Kocha aliyetoka kwenye kiti huwa nyuma kwa macho, lakini hakuwahi kuwa nyuma kwa masikio. Miaka yote ile ya kutazama mgongo wa mwenzake alikuwa anasikiliza. Kwa hiyo mara moja katika kila zoezi azime injini, aiache boti impite. Makasia manane yakilazwa kwenye vishwara kwa wakati mmoja hutoa sauti moja fupi, ta. Yakipishana husikika kama punje za mahindi zinazomwagika kwenye ungo. Kati ya pigo na pigo, wachezaji wakirudi bila pupa, maji huchemka taratibu chini ya boti toka omo mpaka tezi. Wakikimbilia, uchemkaji hukatika kabla kasia halijazama. Hilo hahitaji kulitazama, na mara nyingi atajua ni kiti cha ngapi.